Masomo Tisa ya Sekondari Msingi: Mambo Yawapasayo Wazazi wa Kisii na Nyamira Kuyajua

Mtoto amalizapo Gredi ya 6 hubakiwa na miaka mitatu tu kabla ya kutakiwa kuchagua njia ya masomo yake ya baadaye. Miaka hiyo ni Gredi ya 7, ya 8 na ya 9, nayo huitwa Sekondari Msingi. Mtoto huianza akiwa na umri wa miaka 12 hivi, na huimaliza akiwa na miaka 15 hivi.

Wazazi wengi wa kaunti za Kisii na Nyamira walisoma kwa mpango mwingine, ule wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Wao walizoea mtihani mmoja mkubwa wa darasa la nane, na mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Basi mzazi akimwona mtoto wake amerudi nyumbani na kazi ya kuunga mche wa parachichi, au ya kuandika hesabu za kibanda cha sokoni, huenda akadhani kwamba mtoto anachezewa. Sivyo hivyo. Kazi hizo ni masomo, nazo hutiwa alama. Yafaa kila mzazi afahamu mtoto wake hufundishwa nini, na kwa sababu gani.

SHULE ZA KATI ZA ZAMANI

Jambo la kuwa na shule ya kati, baina ya ile ya watoto wadogo na ile ya sekondari, si geni katika Kenya. Mwaka 1949 kamati iliyoongozwa na Archdeacon L. J. Beecher ilitoa taarifa yake juu ya elimu ya Waafrika. Kwa mpango huo mtoto alisoma miaka minne ya kwanza, kisha miaka minne ya shule ya kati, kisha miaka minne ya sekondari. Baina ya kila hatua na nyingine palikuwa na mtihani, na mtihani wa darasa la nne uliwarudisha nyumbani watoto wengi waliokuwa bado wadogo mno. Wazazi wengi walilichukia jambo hilo, nao walikuwa na haki. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilishauri kwamba elimu ya msingi iwe ya miaka saba mfululizo.

Shule ya kati ya leo haikuwekwa kwa kusudi la kuwachuja watoto. Darasa la kwanza la Gredi ya 7 lilianza mwezi wa Januari mwaka 2023, na shule hizo ziliwekwa katika viwanja vya shule za msingi, ili mtoto asome karibu na kwao. Faida ya jambo hilo ni dhahiri kwa mzazi wa Borabu au wa Bobasi, ambaye hana haja ya kununua sanduku wala godoro la bweni. Lakini liko na tatizo lake pia: shule nyingi za msingi hazikujengwa na chumba cha maabara, na walimu wa sayansi hawakutosha kila mahali.

MASOMO YA JUMA MOJA

Hapo mwanzo masomo yalikuwa mengi zaidi, na watoto walilemewa. Kwa hiyo yalipunguzwa, na tangu mwaka 2024 yamekuwa tisa. Juma moja lina vipindi 40 vya masomo hayo, na kila kipindi ni cha dakika 40. Kiingereza, Hesabu, Sayansi Jumuishi, pamoja na Sanaa na Michezo, kila somo lina vipindi vitano. Kiswahili, Elimu ya Dini, Maarifa ya Jamii, Kilimo na Lishe, na Mafunzo ya Awali ya Ufundi, kila moja lina vipindi vinne.

Msomaji na aangalie hesabu hiyo vizuri. Kilimo kina vipindi sawa na Kiswahili, na michezo ina vipindi sawa na hesabu. Maana yake ni kwamba hakuna somo lililowekwa liwe la kupumzikia.

LUGHA

Mtoto wa Kigusii hufika shuleni akiwa na Ekegusii, lugha ya mama yake. Lakini afikapo Gredi ya 7, sayansi, hesabu na kilimo hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto asiyesoma Kiingereza vizuri hushindwa hesabu si kwa kukosa akili, bali kwa kutofahamu swali laulizaje. Ndiyo maana somo la lugha ni ufunguo wa masomo mengine.

Katika Kiingereza na Kiswahili mtoto hufundishwa mambo manne: kusikiliza na kusema, kusoma, kuandika, na sarufi. Katika Kiswahili hujifunza ngeli za majina, barua, insha, na fasihi simulizi, yaani hadithi, methali, vitendawili na nyimbo. Kwa watoto viziwi, Lugha ya Ishara ya Kenya huchukua mahali pa Kiswahili. Mzazi aweza kusaidia hapa bila gharama yo yote. Babu anayezijua hadithi za ukoo na amsimulie mjukuu, na mjukuu aziandike kwa Kiswahili. Kwa kazi hiyo moja mtoto atakuwa amesikiliza, amefasiri na ameandika.

HESABU

Katika Gredi ya 7 mtoto hufundishwa sehemu, desimali, mraba na kipeo chake, mafumbo ya aljebra, pembe, na kupima urefu, eneo na ujazo. Katika Gredi ya 8 huongezewa uwiano, asilimia, duara, ramani za vipimo na grafu. Katika Gredi ya 9 hufika kwenye logi, matrisi na trigonometria, yaani hesabu ya pembetatu.

Majina hayo yaweza kumtisha mzazi, lakini mambo yenyewe yako nyumbani. Mathalani, mkulima akipeleka kilo 180 za majani ya chai mwezi huu, na kilo 225 mwezi ujao, ongezeko ni kilo 45. Kilo 45 ni robo ya 180, kwa hiyo mavuno yameongezeka kwa asilimia 25. Mtoto ajuaye kufanya hesabu hiyo aweza kuisoma karatasi ya malipo ya baba yake, na kuona kama makato yaliyoandikwa ni ya haki.

Tena fundi wa nyumba atakaye kujua kama kona ya msingi imekaa sawa hupima futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili. Kisha hupima kutoka alama hadi alama, na akipata futi 5 kamili kona ni sawa. Mtoto wa Gredi ya 7 hufundishwa sababu yake: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, na jumla yake ni 25, ambayo ni 5 mara 5. Fundi alijua kwa mazoea, na mtoto ajua kwa kanuni. Mwenye kanuni aweza kuitumia hata mahali ambapo hajafika bado.

SAYANSI JUMUISHI

Somo hili ni muungano wa elimu ya viumbe, elimu ya kemikali na elimu ya nguvu za asili, pamoja na afya. Mtoto huanza kwa kujifunza usalama na vyombo vya maabara. Hufundishwa michanganyiko na namna ya kuitenga, asidi na besi, viungo vya mwili, umeme na sumaku. Baadaye hufundishwa chembe za uhai, aina za moto na namna ya kuuzima, kani na mkandamizo, na mwishowe atomi, metali, na namna mimea inavyojitengenezea chakula.

Chukua mfano wa asidi. Mwalimu asiye na maabara aweza kuponda maua yenye rangi nyingi, kuyaloweka, na kutumia maji yake kupimia. Maji ya ndimu yatageuza rangi kwa namna moja, na maji ya majivu kwa namna nyingine. Baada ya hapo mtoto ataelewa kwa nini chai hustawi katika vilima vya Nyamira: chai hupenda udongo wenye asidi. Mahindi hayapendi asidi nyingi, na ndiyo sababu wakulima wengine hushauriwa kutia chokaa shambani. Funzo moja la darasani limekuwa funzo la mashamba mawili.

Hali kadhalika umeme. Nyanda za juu za Kisii hupigwa na radi mara nyingi, na watu wameuawa nayo. Mtoto ajuaye asili ya umeme hatajificha chini ya mti mrefu wakati wa ngurumo, wala hatawaacha wadogo zake wafanye hivyo.

KILIMO NA LISHE

Zamani kulikuwa na wazazi waliosema, "Sikumpeleka mtoto shule akashike jembe." Neno hilo lilikuwa na sababu yake, kwa kuwa mara nyingi kazi ya shamba la shule ilikuwa kazi tu, bila mafundisho. Lakini somo la leo halitaki mikono peke yake. Mtoto hufundishwa kuzuia udongo usichukuliwe na maji, kuvuna maji ya mvua, kupanda miti, kutunza mazao, kushika mifugo bila kuiumiza, kupika chakula pasipo kupoteza nguvu yake, na kushona. Katika Gredi ya 9 hufundishwa kuunga miche, kilimo kisichotumia dawa za viwandani, na kutengeneza sabuni.

Mwenye kuunga miche ya parachichi aweza kupata matunda mapema kuliko apandaye mbegu, na matunda yenyewe huwa ya aina aliyoichagua. Na katika nchi ya vilima kama vile vya Manga na Sameta, mtoto anayejua kwa nini matuta hukata mteremko kwa upana, wala hayateremki nao, amekwisha kupata elimu itakayoliokoa shamba la baba yake.

MAFUNZO YA AWALI YA UFUNDI

Hapa mtoto hujifunza usalama wa kazi, vyombo vya ufundi, uchoraji wa vipimo, na tabia za mbao, metali na plastiki. Hujifunza pia kompyuta, biashara, na utunzaji wa hesabu za fedha. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na funzo la biashara ni methali hiyo hiyo iliyopangwa kwa safu za mapato na matumizi. Mama auzaye ndizi katika soko la Daraja Mbili aweza kumpa mtoto wake kazi ya kuandika mauzo ya juma moja. Mtoto atakuwa amefanya zoezi la shule, na mama atakuwa amejua kama alipata faida au alijidanganya.

MAARIFA YA JAMII NA DINI

Katika Maarifa ya Jamii mtoto hufundishwa asili ya mwanadamu, biashara ya utumwa, kuja kwa utawala wa wageni, kusoma ramani, hali ya hewa, watu na ongezeko lao, haki za binadamu na Katiba. Historia ya kwao yenyewe imo katika habari hizo. Mwaka 1908 kijana aitwaye Otenyo alimchoma mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza wa Kisii, na watu husimulia pia habari za Moraa, mwanamke mwonaji aliyewahimiza vijana wapinge. Northcote alipona, lakini jeshi lililoletwa baadaye liliwaadhibu Wagusii vikali. Mtoto ayajuaye mambo hayo huzielewa vizuri zaidi kurasa za kitabu zinazosimulia kugawanywa kwa Afrika.

Katika Elimu ya Dini, kila mtoto husoma dini ya kwao: ya Kikristo, ya Kiislamu au ya Kihindu.

SANAA NA MICHEZO

Huenda hili ndilo somo linalodharauliwa kuliko yote, na huku nchi hii ina utajiri mkubwa wa sanaa. Mawe ya sabuni ya Tabaka huchongwa na kuuzwa mpaka ng'ambo. Obokano, zeze kubwa la Wagusii lenye nyuzi nane, lajulikana na wataalamu wa muziki wa Afrika. Na katika mwaka 1968, huko Mexico, Mgusii Naftali Temu alishinda mbio za mita 10,000, akawa Mkenya wa kwanza kupata nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Mexico iko juu sana, kiasi cha mita 2,240 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mtoto aulizaye kwa nini wakimbiaji wa nyanda za juu hawakushindwa na hewa hiyo ameingia tayari katika somo la sayansi kwa mlango wa michezo.

HESABU YA ARDHI

Kuna swali moja ambalo halijibiwi na somo moja peke yake, nalo ndilo linalofanya miaka hii mitatu iwe na uzito mkubwa kwa Wagusii.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Nyamira watu 605,576. Eneo la Kisii ni kiasi cha kilomita za mraba 1,320. Mwanafunzi wa Gredi ya 8 akigawanya, atapata watu karibu 960 katika kila kilomita moja ya mraba. Kilomita moja ya mraba ni ekari 247. Akigawanya tena, atapata kwamba kila mtu ana robo ekari hivi, hata kabla ya kutoa barabara, mito, masoko, shule na makaburi. Katika Nyamira kila mtu ana zaidi kidogo ya theluthi moja ya ekari.

Hesabu yenyewe ni ya Hesabu, takwimu ni za Maarifa ya Jamii, na neno la kujiuliza robo ekari yaweza kulisha nani ni la Kilimo na Lishe. Lakini jibu lake ni la kila nyumba. Babu aligawa shamba kwa wana wake, na baba akaligawa tena. Sehemu iliyobaki kwa mjukuu mara nyingi haitoshi kugawanywa. Kwa hiyo urithi ambao mtoto aweza kupewa bila kumpunguzia ndugu yake ni ujuzi. Akibaki shambani, yampasa azalishe kwa robo ekari kile ambacho babu alizalisha kwa ekari nyingi. Akiondoka, yampasa aondoke na ufundi mkononi.

ALAMA ZA MIAKA MITATU

Mtihani wa kwanza wa kumaliza Gredi ya 9 ulifanywa mwishoni mwa mwaka 2025, na watahiniwa walikuwa zaidi ya milioni moja katika Kenya nzima. Mwezi wa Januari mwaka 2026 wanafunzi hao waliingia Gredi ya 10. Huko kuna njia tatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hesabu; Sayansi za Jamii; na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mtoto hawezi kuikimbia hesabu kwa kuchagua njia nyingine, maana kila njia ina hesabu yake, iwe ile nzito au ile ya matumizi ya kawaida.

Sasa mzazi na alishike neno hili. Alama za mwisho hazitoki katika mtihani wa Gredi ya 9 pekee. Mtihani huo ni asilimia 60. Asilimia 20 hutoka katika tathmini ya Gredi ya 6, na asilimia 20 nyingine hutoka katika kazi zilizofanywa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Yaani katika kila alama 100, alama 40 zimekwisha kupatikana au kupotea kabla mtoto hajaketi katika chumba cha mtihani wa mwisho. Mtoto anayekosa shule siku ya soko, au wakati wa kuchuma chai, hupoteza alama zisizoweza kurudishwa kwa kukesha na vitabu mwezi wa Oktoba.

KAZI YA MZAZI

Mzazi hahitaji kuwa msomi ili amsaidie mtoto wake. Mambo manne yatosha.

Kwanza, aangalie daftari mara moja kwa juma, na kumwuliza mtoto amweleze kwa Ekegusii jambo alilojifunza. Mtoto asiyeweza kulieleza kwa lugha ya nyumbani hajalifahamu bado.

Pili, kazi aliyopewa mtoto aifanye mtoto mwenyewe. Mzazi anayechonga jiwe kwa niaba ya mwanawe, au kununua kikapu kilichosukwa tayari, humpatia alama na kumnyang'anya ujuzi.

Tatu, ahudhurie mikutano ya shule, na kuuliza kwa heshima maswali yaliyo wazi: Je, mwalimu wa sayansi yuko? Je, watoto wameshika vyombo kwa mikono yao, au wameviona katika picha tu? Wazazi wengi wakiuliza swali moja kwa pamoja, jibu huja upesi zaidi.

Nne, asimchagulie mtoto njia kwa kufuata jina la kazi linalosifiwa na jirani. Aliye hodari wa kuchora na kuchonga asilazimishwe kuwa daktari, wala apendaye sayansi asizuiwe kwa kuwa ni msichana. Daftari za miaka mitatu, zikisomwa vizuri, zitaonyesha zenyewe mahali ambapo mtoto ana nguvu.

Haba na haba hujaza kibaba. Vipindi 40 vya juma moja ni haba, na miaka mitatu ndiyo kibaba. Mzazi atakayeanza kufungua daftari katika Gredi ya 7 atajua mtoto wake anaelekea wapi muda mrefu kabla ya siku ya kuchagua.